Moyo Uliokimbia Masika Yote

10 Machi, Mikumi

Tabibu Samson amesema niandike. Hajali mwandiko, na si lazima iwe kila siku. Anataka niseme moyo unapoanza kwenda mbio, kilichotangulia, na kilichoutuliza. Nikamwambia mimi dereva, tangu nimalize shule sijaandika zaidi ya jina langu. Akacheka. "Basi andika kama dereva. Sema ulikopita."

Nilikopita ni huku. Masika ya mwaka jana nilikuwa naendesha lori la miwa kule Kidodi. Mvua ilinyesha milimani, kwetu kukavu kabisa, na maji yakanikuta katikati ya kivuko. Yalilisukuma lori likalala ubavu, mlango ukagoma. Nilikaa humo maji yakiwa shingoni, nimeng'ang'ania fremu ya dirisha, mpaka watu wa mashambani waliponivuta kwa kamba. Hakuna aliyekufa. Sikuvunjika hata kidole. Kila mtu aliniambia nimshukuru Mungu, na nilimshukuru.

Lakini tangu siku ile, mvua ikigonga bati moyo unatoka mbio. Viganja vinalowa, mdomo unakauka, tumbo linakaza, pumzi inaishia kooni. Lori nimeliacha. Sasa naziba pancha hapa kando ya barabara kuu, na mke wangu Lightness anashona nguo kwenye kibaraza cha nyumba tuliyopanga. Ana mimba ya miezi saba. Ni mtoto wetu wa kwanza.

Nilikuwa na hakika moyo wangu mbovu. Tabibu ameupima kwa mashine inayochora mapigo. Anasema ni mzima.

12 Machi

Nimerudi kwa tabibu pamoja na Lightness, maana nikienda peke yangu nusu ya maelezo naipoteza njiani.

Alituambia hivi. Mwilini kuna mishipa ya fahamu isiyongoja amri yetu. Ndiyo inayoendesha mapigo tukiwa tumelala, inayosimamia chakula tumboni, inayotoa jasho. Ina pande mbili. Upande mmoja unaamsha: ukiona hatari unaongeza mapigo, unapeleka damu miguuni, unasimamisha kazi ya tumbo, ili ukimbie au upigane. Upande wa pili unatuliza: unapunguza mapigo, unarudisha mate mdomoni, unakaribisha usingizi. Tunazihitaji zote mbili.

"Sasa wangu umeharibika upi?" nikauliza.

"Hakuna ulioharibika. Siku ile ya maji, huo wa kuamsha ndio uliokupa nguvu ya kushikilia. Shida ni kwamba mwili wako bado haujaamini kuwa umeshatoka majini."

Lightness akauliza, "Na unaaminishwaje, daktari?"

"Kwa maneno haukubali. Ila pumzi ni kitu cha pekee. Inakwenda yenyewe, na bado unaweza kuiongoza. Vuta taratibu kwa pua, halafu itoe ndefu kuliko ulivyovuta. Pumzi inapotoka, upande wa kutuliza unapata nafasi, moyo unapunguza mwendo. Fanya hata siku ambazo mvua hakuna."

Wakati wa kurudi Lightness alinishika mkono, kitu ambacho hafanyi barabarani.

"Kwa hiyo si woga," akasema.

"Tabibu hakusema hivyo."

"Nasema mimi."

15 Machi

Mvua mchana. Nimepuliza pumzi mpaka kizunguzungu. Haikusaidia. Mteja wa lori la Fuso kaniuliza kama nina malaria.

19 Machi

Mama amepiga simu kutoka Tindiga. Baada ya shikamoo na marahaba akaanza. "Rafaeli, nasikia bado unatetemeka mvua ikinyesha. Mwanaume mzima! Baba yako alilima mpunga humu maji yakimfika magotini, hakuwahi kutetemeka. Jikaze."

Nikasema ndiyo mama.

Mama yangu, Generoza, hajui neno lingine la kutibu. Mtoto kaanguka, jikaze. Kafiwa, jikaze. Nilipokata simu moyo ulikuwa unakwenda mbio, na nje jua linawaka. Nimeandika kama tabibu alivyotaka: kilichotangulia, mama.

24 Machi

Manyunyu tu. Moyo ulianza, nikatoa pumzi ndefu, ukarudi. Mara ya kwanza! Nilimwita Lightness aje asikilize. Akaweka sikio kifuani, tumbo lake limetukaa katikati, akasema, "Unatembea. Haukimbii, unatembea."

29 Machi

Miguu ya Lightness imevimba. Kliniki wamesema presha imepanda, apumzike, asiinamie cherehani. Kwa kuwa mimi nashinda kwenye matairi, mama amesema nimpeleke Tindiga akamwangalie, na huko hospitali ya Kilosa ni karibu. Sikutaka. Namjua mama, atamwambia ajikaze. Lightness ndiye aliyeamua. "Nitakwenda. Wewe baki na kazi na pumzi zako, tunahitaji hela ya nguo za mtoto."

31 Machi

Nimemfikisha. Nimerudi. Chumba kimya.

3 Aprili

Mvua.

4 Aprili

Mvua.

6 Aprili

Leo simu iliita mvua inaanza tu kudondoka. Lightness. Alikuwa ameona wingu zito upande wa huku akakisia. Hatukuongea. Nilisikia anavuta pumzi, anaitoa, na mimi nikamfuata. Mvua ikapiga bati ikaisha, sisi bado tumeshika simu. Mwishoni akasema, "Haya, mume wangu, rudi kazini." Nilirudi kazini kama mtu aliyelala na kuamka.

Naongeza baadaye: hakuniambia kichwa kilikuwa kinamuuma. Nimekuja kuambiwa na mama.

11 Aprili, Kilosa

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Mikono sasa inaweza kushika kalamu.

Asubuhi mama alipiga. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuitambua. "Mwanangu, njoo Kilosa. Lightness amepata degedege. Wanasema kifafa cha mimba. Wanampeleka kwenye upasuaji." Nikaacha tairi la watu limefunguliwa, nikapanda gari la abiria la kwanza, Noah.

Barabara ilikuwa tope tupu. Kabla ya kuingia Kilosa tukakuta maji yamepita juu ya daraja dogo, si mengi, lakini ya rangi ile ile, na yana haraka ile ile. Dereva akasema gari halivuki, ila watu wanavuka kwa miguu wameshikana mikono, ng'ambo kuna bodaboda. Abiria wakavua viatu.

Mimi sikuweza. Nataka ieleweke: nilitaka kuvuka. Mke wangu yuko ng'ambo amelazwa kwenye kisu, hakuna kitu nilichokitaka zaidi ya kuvuka. Lakini miguu ilikuwa si yangu. Moyo ulipiga mpaka nikausikia masikioni, macho yakaona maji tu, pembeni giza. Nikachuchumaa kwenye tope.

Mtu mmoja alirudi. Alikuwa abiria mwenzetu, Mmasai wa rika langu. Nilimsikia kwenye gari akijitambulisha kwa jirani yake, anaitwa Ngoitiko. Nikiri kwamba kwetu Tindiga wafugaji tunawatazama kwa jicho baya, mpunga wetu na ng'ombe wao havijapatana miaka mingi. Nilifikiri atanicheka. Akachuchumaa kando yangu.

"Kuna nini ng'ambo?"

"Mke wangu. Anazaa."

"Na maji yamekufanya nini?"

"Yaliwahi kunibeba."

Hakuuliza zaidi. Alinishika kifundo cha mkono, akakishika vizuri bila kuvuta. "Tukae kwanza," akasema. "Ng'ombe akikataa maji sisi hatumpigi. Ukimpiga anaogopa maji na wewe pia. Unasimama naye tu mpaka aone wewe huna wasiwasi."

Tukakaa. Mkono wake ulikuwa wa moto. Nilimsikia anavyopumua, taratibu kabisa, na bila kukusudia pumzi yangu ikaanza kuifuata yake. Nikatoa ndefu. Nyingine. Pembeni pakaanza kuonekana tena: mti, watu, mwanamke aliyebeba kuku. Moyo haukutulia, nisidanganye, lakini miguu ilirudi.

"Mimi natangulia upande wa juu," akasema, "wewe niangalie mgongo, usiangalie chini."

Tulivuka. Maji yalikuwa ya magoti. Ng'ambo nikalia mbele za watu, na Ngoitiko akaniitia bodaboda kana kwamba hakuona.

Hospitali nimemkuta mama ukumbini, ameshika kandambili za Lightness kifuani kwa mikono miwili. Lightness yuko hai. Bado hajaamka vizuri. Mtoto ni wa kike, yuko hai, ni mdogo sana.

Mikono ya mama ilikuwa inatetemeka mpaka kandambili zinagongana. Akaniona nimeona. "Najaribu kujikaza," akasema, "haikubali."

Nikamkumbatia. Sijamkumbatia mama tangu nivae kaptula. "Usijikaze, mama. Tetemeka tu."

12 Aprili

Nimemwona mtoto. Hajafika kilo mbili, amebaki mbali kidogo. Ngozi yake inapitisha mwanga. Ana mpira mwembamba puani wa kumpitishia maziwa.

13 Aprili

Muuguzi wa chumba cha watoto wachanga anaitwa Hildegarda, mama wa makamo, anatembea bila sauti. Leo aliniita.

"Baba, mama mtoto presha yake bado inapanda na kushuka, hawezi kumbeba. Mtoto anataka kifua. Vua shati."

Nikamwambia shikamoo upya kwa kuchanganyikiwa. Kisha nikamwambia ukweli: moyo wangu una matatizo, unakwenda mbio wenyewe, nitamtisha. Mama yangu abebe.

"Bibi atabeba zamu yake, hana haraka. Sikiliza, baba. Huyu amezaliwa kabla mishipa yake ya fahamu haijamaliza kujifunza kazi. Kupumua anajua, lakini mara nyingine anasahau. Joto anashindwa kulishika. Akilala peke yake kila kitu kinamshtua, na kila akishtuka anatumia nguvu ambazo angezitumia kukua. Akiwa kwenye kifua cha mtu, mwili wake unaegemea ule mwili mkubwa. Mapigo yanatulia, joto linakaa, anapata usingizi. Hahitaji moyo usiokimbia kamwe. Anahitaji mtu asiyeondoka."

Nikavua shati. Alimweka wima kati ya matiti yangu, kichwa upande, miguu imekunjwa kama ya chura, akatufunga pamoja kwa kitenge. Alikuwa na uzito wa mkate. Moyo wangu ukaanza mara moja, kama nilivyosema. Nilitoa pumzi ndefu, nikarudia, huku namwomba radhi kimoyomoyo kwa makelele.

Mtoto akapiga chafya. Kisha akalala.

14 Aprili

Kifuani. Nimeambiwa akisahau kupumua nimsugue mgongo au nimgonge kidogo unyayo kwa kidole, na nimwite muuguzi. Namtazama mpaka macho yanauma.

16 Aprili

Lightness ameamka kabisa, anaongea. Lakini maziwa hayatoki. Anakamua mpaka analia, na kadiri anavyolia ndivyo yanavyogoma. Hildegarda akamwambia si kosa lake, mwili ulioshtuka unashikilia maziwa, mpaka uhisi hatari imepita. Akanituma nimpelekee kitambaa alicholalia mtoto.

Lightness alikiweka puani. Akafumba macho. Nikaushika mguu wake chini ya shuka. Kisha akasema, "Rafaeli, gauni limelowa."

Alikamua, nami nikakimbia na kikombe cha maziwa kwenye korido kama nimebeba dhahabu. Mama alinifuata nyuma akiniambia nisimwage.

18 Aprili

Leo ilinyesha.

Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Nilikuwa nimekaa na mtoto kifuani, mama amekwenda kwa Lightness. Kwanza upepo ukafunga dirisha, halafu mvua ikashuka juu ya bati lote la jengo kwa pamoja. Haikuanza kwa manyunyu ili nijiandae. Ilikuja kama lori.

Moyo ukatoka. Jasho likanitoka mpaka kitenge kikalowa. Nikayaona maji, nikaisikia ile fremu ya dirisha mikononi. Kila kitu mwilini kikaniambia simama, toka, kimbia. Na nisingeweza kusimama, maana nimefungwa pamoja na mtu.

Ndipo nikahisi kifuani hakuna kinachosogea. Ile pumzi ndogo niliyoizoea, inayogusa ngozi yangu kama nywele, haikuwepo. Nikamtazama. Midomo ilianza kubadilika rangi.

"Nesi!" Mvua ikaimeza sauti. Nikaingiza mkono, nikausugua mgongo wake kwa vidole viwili. Hakuna. Nikaushika unyayo, nikaugonga. "Mama," nikamwambia, maana jina hana bado, "mama, pumua. Pumua na mimi." Nikagonga tena. Akakunja uso, akashtuka mwili mzima, akavuta hewa. Akalia, kilio cha paka.

Hildegarda alikuwa ameshafika, sijui kafikaje. Alimtazama midomo, akamsikiliza, akaangalia mashine ya mapigo. "Amerudi. Umefanya sawasawa. Nimtoe, upumzike?"

"Hapana."

"Una hakika? Unatetemeka."

"Natetemeka. Asitoke."

Akavuta kiti akakaa karibu. Mvua iliendelea. Nilitoa pumzi ndefu, na safari hii sikuitoa ili moyo wangu ukae. Niliitoa ili yeye awe na ya kuifuata. Kifua changu kikishuka, naye anashuka. Kikipanda, anapanda. Sijui ilichukua muda gani. Niligundua tu kwamba nasikia mvua, nzito vilevile, na moyo wangu uko mahali pake. Ulikuwa unatembea.

Lightness nimemweleza jioni. Akasema tu, "Nataka kumbeba."

20 Aprili

Amembeba. Nilitoka nje nikawaacha.

27 Aprili

Sasa tunabeba kwa zamu watu watatu. Mama akimbeba anamwimbia kwa lugha ya nyumbani nyimbo ambazo sikumbuki kuimbiwa. Nimemwambia. Akasema, "Uliimbiwa. Ulikuwa mdogo kama huyu tu, na nje kulikuwa na kazi nyingi. Nilikuweka chini mapema. Nilifundishwa kwamba mtoto akibebwa sana analegea." Akamrekebisha kofia. "Walionifundisha nao waliwekwa chini mapema."

Nilimletea chai.

5 Mei

Mpira umetolewa puani. Ananyonya mwenyewe, na kelele.

9 Mei

Mvua. Moyo: kidogo. Kilichoutuliza: nilikuwa nambadilisha nepi.

14 Mei

Ameruhusiwa! Jina ni Regina, la marehemu mama yake Lightness. Mama yangu ndiye aliyelipendekeza, na Lightness akageuza uso ukutani kidogo kabla ya kusema ndiyo. Tutakaa Tindiga mpaka mtoto akomae. Mkuu wangu wa zamani wa Kidodi alipiga kuuliza kama narudi kwenye lori. Nimemwambia bado. Nilisema "bado" bila aibu.

22 Mei, Tindiga

Anga safi. Mpunga umeinama. Regina amenenepa shingo.

30 Mei

Lightness anafanya kazi kupita kiasi. Anafua, anapepeta, anachota maji, anamnyonyesha huku anakatakata mchicha. Nikimwambia kaa, anasema yuko sawa. Watu wanamsifu, wanasema mwanamke wa chuma. Yeye anacheka nao. Usiku hapati usingizi, namsikia.

Nimefungua kurasa za nyuma nikazisoma. Kila mahali moyo wangu, moyo wangu. Wa kwake sikuuliza hata mara moja.

8 Juni

Leo hakukuwa na mvua wala wingu. Mchana mweupe, upepo wa kiangazi umeanza. Regina amelala ndani. Mama amekwenda shambani. Mimi nilikuwa naweka mpini kwenye jembe, Lightness anachochea maharage jikoni nje.

Nikasikia mwiko umeanguka.

Alikuwa amesimama, ameshika nguzo. Anatetemeka kuanzia magoti mpaka kidevu. "Sijui nina nini," akasema. "Rafaeli, sijui nina nini. Moyo unakwenda mbio. Hakuna kitu. Hakuna kilichotokea, mtoto mzima, mimi mzima. Kwa nini sasa?"

Nilijua kwa nini sasa. Aliushikilia mwili wake tangu nilipotoka majini mwaka jana. Alinishika mkono barabarani, akanipumulia kwenye simu huku kichwa kinampasuka, akapasuliwa, akakamua maziwa kwa machozi, akatubeba wote. Sasa hakuna hatari tena, na mwili umepata ruhusa ya kuweka mzigo chini.

Sikumwambia atulie. Nilikaa chini ukutani, nikamvuta akakaa mbele yangu, mgongo wake kifuani mwangu. Nikamzungushia mikono. Alikuwa baridi.

"Mambo mengi yataharibika leo," akasema huku meno yanagongana. "Nina kazi."

"Yaharibike."

Akalia. Si kilio cha kuita watu, ni kile cha chini kinachotikisa mabega. Nikawa napumua. Sikumwambia anifuate. Muda mrefu pumzi yake ilikwenda yake, yangu ikaenda yangu. Halafu zikakutana, zikapishana, zikakutana tena. Kichwa chake kikaanza kuwa kizito begani kwangu. Mikono ikafunguka yenyewe kwenye mapaja yake, viganja juu.

Ameshalala. Maharage yameanza kuungua, harufu imejaa uwanja mzima, na sufuria liko hatua chache tu kutoka hapa. Mama amerudi kutoka shambani, akaona moshi, akatuona. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akaweka jembe chini polepole lisigonge, akaenda ndani kumtazama Regina.

Naandika kwa mkono mmoja, daftari nimelitoa mfukoni, liko juu ya goti lake. Maharage yaungue.